Mafuta ya Giaboksi na Difu: Usifungue Chini Kabla ya Juu



Wewe uliye na pikapu ya kupelekea nazi na mihogo sokoni Kongowea, bila shaka kila asubuhi wachomoa kijiti na kutazama mafuta ya injini. Hiyo ni desturi njema. Lakini je, ni lini ulipotazama mafuta ya giaboksi? Na ya difu, kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma? Wengi hawakumbuki mpaka gari lianze kulia likipanda kutoka kivukoni Likoni na mzigo mgongoni. Wakati huo meno yamekwisha kulika, wala mafuta mapya hayatayarudisha.

Kwa nini yabadilishwe

Difu hugawa nguvu ya injini ili gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani gari linapokata kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni mpango huo mwaka 1827. Meno yake hukandamizana kwa nguvu nyingi, na kinachoyatenga ni utando mwembamba wa mafuta. Siku zikipita, mafuta hayo huchakaa na kujaa unga wa chuma.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni maji. Wakati wa masika, difu yenye moto ikizama katika dimbwi, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Mafuta hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Basi ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, usingoje kuhesabu kilomita. Fungua utazame.

Mafuta gani

Soma kitabu cha gari lako. Huko utaona unene, kama vile 80W-90, na daraja, GL-4 au GL-5. Usidhani kubwa ni bora. Difu nyingi hutaka GL-5, lakini giaboksi nyingi za mkono hutaka GL-4, kwa kuwa dawa za salfa zilizo nyingi katika GL-5 huweza kula sehemu za shaba. Kama giaboksi yako ni ya otomatiki, ina mafuta yake mbali na kipimo chake. Hiyo mpelekee fundi.

Kazi yenyewe

1. Endesha gari dakika kumi ili mafuta yapate joto na kutiririka vizuri. Angalia yasikuunguze.

2. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari magurudumuni. Pikapu nyingi ziko juu, waweza kuingia chini bila jeki. Ikibidi kuinua, inua mbele na nyuma sawasawa, na utumie stendi za chuma. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, wala usiegemeze juu ya mawe ya matumbawe au matofali. Hayo hupasuka ghafla, nawe huna nafasi ya kutoka.

3. Fungua kwanza kizibo cha juu, cha kujazia. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Nilimwaga mafuta yote Jumapili jioni, kisha nikakuta kizibo cha juu kimeshikwa na kutu, pembe zake zikavunjika chini ya spana. Jumatatu gari halikutoka, na mihogo ya watu ikalala uani. Cha juu kikikataa, acha mafuta ya zamani yakae, ukatafute fundi.

4. Weka beseni, fungua kizibo cha chini. Unga laini kama uji mweusi ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vyenye umbo la jino si vya kawaida. Mwonyeshe fundi kabla ya kuendelea.

5. Futa kizibo, weka washa mpya, kaza bila kutumia nguvu za kukata nyuzi.

6. Jaza kwa pampu ya mkono mpaka mafuta yaanze kuchuruzika tundu la juu. Yakiisha kudondoka, funga. Usizidishe, maana mafuta yaliyozidi husukuma sili na kufika kwenye breki. Safisha na kipumulio pia.

7. Endesha kidogo, rudi, tazama kama pavuja.

Mafuta machafu

Nawasihi hasa ninyi wa Kisauni na Likoni mnaokunywa maji ya kisima. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi; utakachomwaga uani hushuka upesi hata kwenye maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, lakini hata bila sheria, kisima ni chako na cha jirani yako. Yatie mafuta hayo katika dumu lenye kifuniko, uyapeleke gereji inayoyakusanya. Usimpake mbuzi kwa ajili ya kupe au upele. Yana sumu, naye hujilamba. Dawa ya kupe muulize Bwana Mifugo.

Kazi hii ni ya asubuhi moja, na mafuta ni lita chache tu. Difu mpya yaweza kumeza fedha za mavuno yote. Leo jioni, kabla ya kununua hata lita moja, chukua spana ujaribu kile kizibo cha juu. Kikilegea, umekwisha kuanza vizuri.