Springi za Hewa Nazo Zinataka Sevisi

Kitabu cha sevisi cha gari lenye springi za hewa hutaja kilomita za kubadilisha oili, plagi na filta, lakini kuhusu springi zenyewe mara nyingi hakisemi lolote. Wenye magari wengi huuchukulia ukimya huo kama ruhusa ya kuzisahau. Ni kosa la gharama kubwa, na chanzo chake ni maji yaliyojificha ndani ya hewa.

Katika mfumo huu, gari hubebwa na mifuko ya mpira iliyoimarishwa kwa nyuzi badala ya koili za chuma, na kompresa ndogo ya umeme huvuta hewa ya nje na kuigandamiza. Chukua siku ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa: joto nyuzi 30, unyevunyevu asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina takriban gramu 24 za mvuke. Igandamize ibaki sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, kisha iache ipoe hadi nyuzi zile zile 30: sasa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 3 hivi. Gramu 21 zilizobaki zinakuwa maji. Ndiyo sababu kompresa huwekewa kikaushio, yaani kikopo cha chembechembe zinazofyonza unyevu. Gari linaposhushwa, hewa kavu hutoka kwa kupitia kikopo hicho hicho na kuondoka na unyevu uliokwama humo. Ni ubunifu mzuri sana, ila unategemea hewa itoke kwa njia hiyo. Mfuko ukitoboka, hewa hupotelea kwenye tundu, kikaushio hakikaushwi tena, chembechembe zinalowa na kusagika, na vumbi lake linakwenda kuziba vali.

Tundu lenyewe huanza kidogo. Mpira hujikunja mahali pale pale kila gurudumu linapopanda na kushuka, mchanga ukiingia kwenye mkunjo unausugua, na ozoni ya hewani huupasua taratibu. Asubuhi gari linakutwa limelalia upande mmoja. Likiwashwa linanyanyuka, na mwenyewe anaridhika. Kumbe kompresa, ambayo pistoni yake haina oili na imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi mfupi, sasa inazunguka kila mara kufidia kinachovuja, inachemka hadi inakufa. Inanunuliwa mpya, inafungwa kwenye mfuko ule ule unaovuja. Hapo ndipo fedha za watu zinapoteketea.

Atakayesema kwamba kama sevisi ingehitajika mtengenezaji angeiandika, namwelekeza kwa madereva wa malori. Breki zao hutumia hewa hiyo hiyo. Matangi yao humwagwa maji, na kikaushio hubadilishwa kwa ratiba. Ni kweli kuna mifumo mipya inayozungusha hewa ile ile kati ya tangi na mifuko, nayo haivuti unyevu mwingi hivyo. Lakini ikivuja, nayo hujazwa kutoka nje. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba fundi asiyejua anaweza kuharibu kilicho kizima. Nakubali, ila sehemu kubwa ya sevisi hii haihitaji kufungua kitu: maji ya sabuni kwenye mikunjo na maungio, kupima kutoka madigadi hadi katikati ya gurudumu jioni na tena asubuhi, kusikiliza kompresa inazunguka kwa muda gani. Kila oili inapobadilishwa, hayo yafanyike. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na hewa peke yake. Mfumo uzimwe, stendi ziwekwe.

Wapo wanaoshauri kung'oa kila kitu na kufunga koili. Wazo hilo si geni: Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957 ilitoka na springi za hewa, zikavuja, na wenye magari hayo wengi wakarudi kwenye chuma. Ni uamuzi halali kwa gari lililochoka. Ila anayeuchukua ajue kwamba akipakia mizigo nyuma gari litainama, na kitufe cha kulinyanyua kabla ya barabara mbovu hakitakuwa na kazi tena.