KUTOA RANGI KATIKA MAJI MACHAFU YA VIWANDA VYA NGUO

Mkulima wa pamba huifuata mali yake hadi kwenye mizani ya chama, na wachache huifuata hadi kwenye kinu cha kuchambulia. Pamba hiyo ikishakuwa uzi na kitambaa, huingia katika kazi ambayo wanachama wengi hawajapata kuiona, nayo ni kazi ya kutia rangi. Kazi hii hutumia maji mengi sana, na maji hayo yakishatumika hayana budi kwenda mahali fulani. Yafaa makatibu na wanachama waelewe jinsi yanavyosafishwa, kwa sababu mbili: kwanza, mto unaopita kiwandani ndio huo unaofika shambani, pili, baadhi ya vyama vina vikundi vinavyotengeneza batiki, na vikundi hivyo navyo humwaga maji ya rangi.

MAJI HAYO YANA NINI NDANI YAKE

Rangi za kemikali zilianza mwaka 1856, William Perkin alipotengeneza rangi ya zambarau mjini London. Tangu hapo mafundi wamejitahidi kupata rangi isiyochujuka kwa jua, sabuni wala jasho, nao wamefaulu. Lakini sifa ileile inayomfurahisha mnunuzi wa khanga ndiyo inayomtaabisha msafishaji wa maji, kwa maana rangi isiyoshindwa na jua na sabuni haishindwi upesi na vijidudu vya mtoni.

Tena si rangi yote inayoshika kwenye kitambaa. Tuchukue mfano wa kilo 100 za kitambaa cha pamba, kinachotiwa kilo 3 za rangi ya aina inayoyeyuka majini. Robo ya rangi hiyo isiposhika, gramu 750 zitatoka na maji. Maji yote ya kutia rangi na kusuuzia yakiwa lita 10,000, kila lita itakuwa na miligramu 75 za rangi, ilhali jicho la mtu huweza kuiona rangi hata ikiwa chini ya miligramu 1 katika lita.

Pamoja na rangi hutoka chumvi. Ili rangi ya aina hii iingie katika pamba, fundi hutia chumvi nyingi, na baadaye magadi ili rangi ishike. Katika mfano wetu, kitambaa kikilowekwa katika lita 1,000, kwa gramu 60 za chumvi kila lita, hutumika kilo 60 za chumvi. Pamba haili chumvi hiyo, yote hutoka. Ikichanganyika na lita zote 10,000, inakuwa gramu 6 kwa kila lita. Maji ya kumwagilia yakizidi gramu 2 za chumvi kwa lita, mazao mengi hudhoofika na udongo huharibika.

NJIA ZA KUSAFISHA

Kwa kawaida kiwanda hakitumii njia moja, bali hufuata hatua kadhaa.

(a) Kukusanya na kusawazisha. Maji ya asubuhi huenda yakawa mekundu na makali kwa magadi, na ya mchana meusi na ya moto. Yote hukusanywa katika tangi kubwa, yakachanganywa, kisha ukali wake ukapunguzwa kwa asidi kidogo.

(b) Kugandisha. Shabu, au chumvi za chuma pamoja na chokaa, hutiwa ili uchafu ushikamane na kuzama. Ni kanuni ileile anayoitumia mama wa nyumbani anapotakasa maji ya tope kwa shabu au kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Njia hii huzishika vizuri rangi zisizoyeyuka, lakini zile zinazoyeyuka kabisa huponyoka kwa wingi. Nayo huacha tope zito ambalo lazima lihifadhiwe.

(c) Vijidudu. Katika matangi yenye kupulizwa hewa, bakteria hula wanga na uchafu mwingine unaooza. Rangi nyingi hawaziwezi. Zipo rangi ambazo bakteria wa mahali pasipo hewa huzivunja, ila vipande vya baadhi yake ni sumu, kwa hiyo ni lazima hatua nyingine ifuate.

(d) Mkaa maalumu na ozoni. Mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vidogo visivyo idadi huinasa rangi mpaka ujae, kisha hubadilishwa au kuchomwa upya. Ozoni huivunja rangi yenyewe. Njia zote mbili hufanya kazi vizuri, na zote mbili ni ghali.

(e) Utando. Maji husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno hata chumvi haipiti. Maji safi hurudi kiwandani. Maji ya chumvi yanayobaki huchemshwa hadi chumvi ipatikane tena.

Msomaji ataona kwamba hatua nne za kwanza hazigusi chumvi. Maji yanaweza kutoka meupe kama ya kisima, na bado yakaua shamba. Hilo ndilo lililotokea Tiruppur.

MAFUNZO YA TIRUPPUR

Tiruppur ni mji wa Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, unaojulikana kwa fulana za pamba ziuzwazo nchi za nje. Watia rangi wake walikuwa mamia, wengi wao wenye karakana ndogo, na maji yao yaliingia katika mto Noyyal. Kwa kuwa mwenye karakana ndogo hawezi kujenga mtambo peke yake, katika miaka ya 1990 waliungana kwa makundi, wakanunua hisa na kujenga mitambo ya pamoja. Kwa mtu wa ushirika, shauri hilo ni zuri.

Mitambo hiyo ilipunguza rangi lakini haikuondoa chumvi. Chini ya mji palikuwa na bwawa la Orathupalayam, lililojengwa ili wakulima wapate kumwagilia. Bwawa likawa hodhi la maji ya chumvi, na wakulima waliokuwa wakilisubiri wakaanza kuyakimbia maji yake. Visima navyo vikaharibika. Wakulima wa bonde hilo waliunda chama chao, wakaenda mahakamani.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru kwamba watia rangi wasitoe hata tone la maji machafu mtoni. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India iliunga mkono upande wa wakulima. Amri haikutimizwa, na mwezi Januari 2011 Mahakama Kuu ilifunga karakana zote za kutia rangi, takriban 700. Maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Karakana zilifunguliwa hatua kwa hatua, baada ya mitambo ya pamoja kuongezewa utando na vichemshio, huku serikali ya jimbo ikitoa mkopo usio na riba.

Wenye karakana hawakukosa umoja. Walikosa kuhesabu gharama yote tangu mwanzo. Walilipia sehemu iliyoonekana kwa macho, na sehemu isiyoonekana wakamwachia mkulima ailipe kwa mnazi na mpunga wake. Mwisho deni lilirudi kwao lenyewe, na faida juu yake.

VIKUNDI VYA BATIKI

Kikundi kidogo hakihitaji mtambo, bali kinahitaji utaratibu. Rangi nyingi za batiki hutiwa pamoja na kostiki na hidrosalfaiti ili ziyeyuke, na zikipata hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Jambo hilo hurahisisha kazi:

1. Rangi ipimwe kwa mizani, na ile iliyobaki itumiwe kwa kitambaa cha rangi hafifu.

2. Maji yaliyokwisha kutumika yakusanywe katika pipa, mbali na kisima na kijito, yakorogwe mara kwa mara kwa siku kadhaa ili hewa iingie na rangi izame.

3. Asidi isitiwe mwanzoni, kwa maana ikikutana na hidrosalfaiti hutoa hewa kali inayodhuru kifua. Ukali wa kostiki upunguzwe mwishoni, kwa maelekezo ya mtaalamu.

4. Tope likaushwe mahali penye sakafu, wala lisitupwe kamwe katika bustani ya mboga.

5. Gharama ya pipa, glavu na kazi hii iandikwe katika hesabu za kikundi kabla ya bei ya kitambaa kupangwa.

Jambo hili la tano ndilo la katibu. Bei isiyo na gharama ya kusafisha maji si bei rahisi. Ni bei ambayo sehemu yake inalipwa na mtu mwingine asiyeulizwa. Na katika vyama vyetu, mtu huyo huenda akawa mwanachama mwenzake, anayechota maji hatua mia chini ya mtaro.