Pima mwili, pima chumba, ndipo ununue mashine

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo limeanza kuwa la kawaida katika nyumba za mijini, nalo ni ununuzi wa vifaa vya mazoezi. Zamani kijana aliyetaka kutunisha misuli alichukua bomba, akalitia makopo mawili yaliyojazwa saruji, basi akawa na vyuma vyake uani. Siku hizi mtu akishaambiwa na daktari kwamba afanye mazoezi, kitu cha kwanza anachokifikiria ni duka.

Sababu ya madaktari kusema hivyo ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Dakika hizo ni nusu saa kwa siku 5. Zaweza kupatikana kwa mashine, na zaweza kupatikana bila mashine.

Hapa kwetu Mbweni ninaye jirani, mtumishi mstaafu, mwenye presha na magoti yanayomsumbua. Alikusudia kumega kiinua mgongo chake anunue mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, akaniuliza aina ipi ni nzuri. Nami nikamwuliza: "Mzee wangu, presha umepima lini? Na hicho chumba utakachoiweka kina futi ngapi?" Maswali hayo mawili yanatangulia swali la bei.

Tuanze na mwili. Mwenye presha ambayo haijadhibitiwa asikimbilie kunyanyua vyuma vizito. Mtu anaponyanyua mzigo huku amebana pumzi, presha hupanda ghafla. Akiruhusiwa na daktari, achukue uzito mdogo, anyanyue mara nyingi, na atoe pumzi wakati wa kunyanyua. Mwenye kisukari aangalie miguu. Ganzi ikishaingia, mtu huweza kupata kidonda asijue, kwa hiyo asiruke kamba pekupeku wala asipande mashine bila viatu. Anayetumia insulini awe na kitu kitamu karibu, kwani mazoezi hushusha sukari. Na yeyote anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo, aende hospitali.

Mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu aogope kamba ya kuruka, maana kila mruko unayatwisha magoti mzigo mzito. Kinachomfaa ni baiskeli ya mazoezi isiyotembea, kwa kuwa kiti ndicho kinachobeba mwili. Mzee wangu, baada ya kwenda kupima, ushauri aliopewa ulikuwa huo huo.

Sasa tuje kwenye chumba. Vyumba vyetu vingi ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3 kila upande. Mashine ya kukimbilia ina urefu wa karibu mita 1.8, na wataalamu wa usalama hutaka nyuma yake pabaki mita 2 wazi, ili anayeteleza asibamizwe ukutani huku mkanda unazunguka. Jumla ni karibu mita 4. Kwa hiyo haienei, hata kitanda kikitolewa nje! Baiskeli huhitaji nafasi ya mita moja na ushee tu, na nyingi hazitumii umeme.

Hilo la umeme nalo tusilipuuze. Mashine ya kukimbilia hula LUKU, na umeme ukikatika katikati ya mbio mkanda unaweza kusimama ghafla. Anayenunua mtumba asome kibandiko nyuma ya mashine: kikiandika volti 110 au 120, imetengenezwa kwa nchi kama Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Kibandiko hicho mara nyingi hutaja pia uzito wa juu wa mtumiaji. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna adui mwingine, upepo wa chumvi. Chuma kikiwekwa barazani, kutu haikawii.

Wenye watoto wadogo wawe macho zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliwaomba wateja warudishe mashine zake za kukimbilia za aina ya Tread+ zipatazo 125,000, baada ya mtoto mmoja kufariki na wengine kuumia. Mashine ikishatumika ichomolewe, na ufunguo wake wa usalama ufichwe.

Na wewe uliyepanga chumba kimoja Temeke au Manzese, usidhani mazungumzo haya hayakuhusu. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5 kamili. Kiti imara kisichoyumba kinatosha kwa mazoezi ya kukaa na kusimama, ambayo hujenga mapaja. Ukuta unafaa kwa kusukuma kwa mikono. Mkeka unao. Viatu vizuri vya kutembelea alfajiri ni kifaa ambacho hakihitaji chumba kabisa.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Fedha ya mashine ni fedha ya ada na ya dawa pia, na mashine kubwa isiyotumika haishushi presha ya mtu. Kupima presha ni kazi ya dakika chache, na kupima chumba kwa futi kamba ni kazi ya dakika moja. Fanya hayo mawili wiki hii, kabla hujaingia dukani.