Fahamu: Risasi ya bahati mbaya na hukumu ya haraka

Risasi inayompiga mtu kwenye mazoezi ya polisi mara nyingi hutoka kwenye bunduki iliyodhaniwa tupu. Kuchomoa magazini hakutoshi, kwa kuwa risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba. Ndiyo maana askari hufundishwa kwanza kuelekeza mtutu pasipo na mtu, kisha kukoki na kuichungulia chemba. Hatari nyingine ni kuchanganya risasi za moto na risasi baridi.

Kisheria, “bahati mbaya” haimalizi shauri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na uzembe mkubwa unaweza kumtia mtu hatiani kwa kosa la pili. Jibu hutafutwa kwenye rejesta ya ghala la silaha, maganda ya risasi, jeraha lenyewe na mashahidi wanaohojiwa mmoja mmoja.

Uchunguzi huo unahitaji subira, na Mtwara wanajua thamani yake. Mfanyabiashara wa madini alipouawa Januari 2022, maofisa saba wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Haikuwa ajali wala hakupigwa risasi, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo, Juni 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani wawili na kuwaachia watano. Subira hiyo haiwapi polisi ruhusa ya kunyamaza: familia ya yeyote anayeuawa inastahili taarifa mapema, na pengo la taarifa hujazwa na uvumi.