Vumbi la Milima ya Moto na Njia za Angani

Katikati ya mwezi wa Aprili 2010, katika mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa la Naivasha nchini Kenya, mawaridi yalikatwa alfajiri kama ilivyo ada, yakafungwa mafungu mafungu, yakatiwa makashani na kuwekwa katika vyumba vya baridi yakingoja gari la kuyapeleka uwanja wa ndege wa Nairobi. Lakini gari halikuja siku ile, wala siku ya pili, wala ya tatu, kwa kuwa ndege ambazo zingeyachukua hadi Uholanzi na Uingereza zilikuwa zimezuiwa kuruka. Waridi lililokwisha katwa halina subira. Vyumba vya baridi vilijaa, mzigo ukaanza kuharibika, maua mengi yakatupwa mashimoni yawe samadi, na maelfu ya vibarua, ambao riziki yao hutegemea kazi ya siku ile ile, wakaambiwa wabaki majumbani mpaka watakapoitwa. Sababu ya msiba huo ilikuwa mlima mmoja wa Aisilandi, kisiwa kilichoko kaskazini kabisa ya bahari ya Atlantiki, maelfu ya maili kutoka Naivasha.

Mlima wenyewe, Eyjafjallajökull, hauna kimo cha kutisha: ni mita 1,650 hivi, yaani haufikii hata theluthi ya Kilimanjaro. Ulikuwa umetulia tangu 1823, ukaamka tarehe 20 Machi 2010 kwa kutoa zaha ubavuni mwake, tena kwa upole kiasi cha watu kwenda kuutazama kwa furaha. Lakini tarehe 14 Aprili moto ulitokea kileleni, chini ya barafu nene ya dahari, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zaha ikutanapo na maji ya barafu iliyoyeyuka hupoa kwa ghafla na kupasuka vipande vidogo mno, na maji nayo hugeuka mvuke wenye nguvu kubwa. Mvuke huo, pamoja na gesi zilizokuwa zimefungika ndani ya mwamba ulioyeyuka, ukayarusha majivu juu hata kilomita 9 hivi, na upepo wa siku zile, uliokuwa ukivuma kutoka kaskazini magharibi, ukayachukua moja kwa moja hadi Ulaya.

Siku ya pili yake anga la Uingereza likafungwa, na nchi nyingine zikafuata moja baada ya nyingine. Katika muda usiotimiza juma moja, safari zipatazo 100,000 zilifutwa, wasafiri kama milioni 10 wakakwama, na jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege ikakadiria kwamba wanachama wake wamepoteza mapato ya dola bilioni 1.7. Wakuu wa nchi hawakusalimika: mazishi ya Rais Lech Kaczyński wa Poland, yaliyofanywa Kraków tarehe 18 Aprili, yaliwakosa wageni wengi waliokuwa wameahidi kuhudhuria, na Angela Merkel wa Ujerumani, akirejea kutoka Marekani, alilazimika kushuka Lisbon na baadaye kukata njia ya Italia kwa gari ili afike kwake. Serikali ya Uingereza ilipeleka manowari Santander, katika pwani ya Uhispania, kuwachukua askari na raia waliokosa njia.

Yafaa sasa kueleza kwa nini vumbi, hata likiwa jingi namna gani, liweze kuzuia chombo chenye nguvu kama ndege. Majivu ya volkano ni mawe na kioo vilivyosagika, vipande ambavyo kipenyo chake hakizidi milimita 2, na vilivyo vingi katika wingu lisafirilo mbali ni vyembamba kuliko hivyo mara nyingi sana. Hayayeyuki majini, yana makali, na hukwaruza kila kitu yanachokipiga kwa kasi, iwe kioo cha mbele ya rubani au mapanga ya injini. Hata hivyo kukwaruza ndiko kudogo. Ndani ya injini ya ndege, mahali mafuta yanapoungulia, joto hupita digrii 1,400, na kioo kilichomo katika majivu hulainika na kuyeyuka katika joto lililo chini ya hapo. Kwa hiyo chembe huingia zikiwa ngumu, huyeyuka zipitapo katika moto, kisha hufika sehemu ya nyuma yenye ubaridi kiasi na kugandamana na chuma, kama sukari guru igandavyo katika sufuria iliyoepuliwa. Njia ya hewa huzibika, na injini isiyopumua huzimika.

Elimu hii haikupatikana chuoni. Ilipatikana usiku wa tarehe 24 Juni 1982, ndege ya Uingereza ya aina ya Boeing 747, iliyokuwa na watu 263 pamoja na wahudumu wake, ilipokuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Perth na kupita kusini ya kisiwa cha Java kwa kimo cha futi 37,000. Kwanza marubani waliona nuru ikimetameta katika vioo vya mbele, kisha abiria wakasikia harufu ya kiberiti na kuona ukungu mwembamba ndani ya ndege, na wale waliokaa madirishani wakaona injini zinang'aa kwa mwanga wasiopata kuuona. Rada haikuonyesha kitu, kwa kuwa rada ya ndege imeundwa ili iyaone maji ya mawingu na mvua, na wingu lile lilikuwa kavu. Injini moja ikazimika. Kabla marubani hawajamaliza kuishughulikia ikafuata ya pili, na punde zikazimika zote nne, chombo kile kizito kikabaki kuelea gizani juu ya bahari.

Rubani mkuu, Eric Moody, aliwaarifu abiria hali ilivyo kwa sauti ya utulivu ambayo waliopona waliikumbuka miaka mingi baadaye, huku yeye na wenzake wakijaribu kuziwasha injini tena na tena, na mbele yao kuna milima ya Java ambayo wasingeweza kuivuka iwapo wangeshuka mno. Walipofika chini ya futi 14,000, wakiwa wametoka katika wingu pasipo kujua kwamba waliingia ndani yake, injini moja ikashika, kisha nyingine, na hatimaye zote, ingawa moja ilibidi kuzimwa tena. Kilichowaokoa ni huko kuzimika kwenyewe: injini zilizokosa moto zilipoa, kioo kilichoganda kikawa kigumu na kuvunjika, hewa ikapita. Wakatua Jakarta kwa kuchungulia pembeni mwa kioo kilichokuwa kimekwaruzwa kikawa cheupe, wala hakuumia hata mtu mmoja. Baadaye ndipo ilipothibiti kwamba mlima Galunggung, ulioko magharibi ya Java, ulikuwa ukitoa majivu usiku ule. Mimi naona kwamba kisa hiki chastahili kufundishwa shuleni, kwani watu wale walipambana na adui wasiyemwona na wasiyekuwa na jina lake, wakamshinda kwa kushika kazi yao bila fazaa.

Miaka 7 baadaye, tarehe 15 Desemba 1989, ndege ya Uholanzi ambayo ilikuwa haijatimiza hata nusu mwaka kazini iliingia katika majivu ya mlima Redoubt huko Alaska, ikakosa injini zake nne vilevile, ikaporomoka zaidi ya futi 14,000 kabla ya kuziwasha, na ikatua Anchorage salama lakini ikiwa imeharibika vibaya. Baada ya hayo shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilihimiza utaratibu ambao tunao hata leo: vituo 9 vimegawana dunia, kila kimoja kikichunguza sehemu yake kwa picha za setilaiti na kwa hesabu za pepo, na kutoa taarifa ya wapi wingu lilipo na wapi litakapokuwa baada ya saa 6, 12 na 18. Kituo cha London huangalia Aisilandi. Afrika yetu iko chini ya kituo cha Toulouse, Ufaransa. Marubani nao walifundishwa kwamba wakijikuta ndani ya majivu wasikimbilie juu kwa kuongeza nguvu, kwani nguvu huzidisha joto na joto huzidisha kuyeyuka, bali wapunguze nguvu na wageuke watoke kwa njia waliyoingilia.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni iliyofuatwa hata 2010 ilikuwa fupi: penye majivu, ndege isipite. Katika anga la Alaska au la Indonesia kanuni hiyo ilitosha, maana rubani huweza kulizunguka wingu. Lakini wingu la Eyjafjallajökull lilitandaa juu ya nchi nyingi kwa pamoja, likiwa zito mahali fulani na jepesi mno mahali pengine, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa ithibati kwamba kiasi hiki ni hatari na kiasi kile si hatari. Mashirika ya ndege yalilalamika, yakarusha ndege tupu za majaribio, zikarudi bila dhara lililoonekana; wakuu wa usalama wakajibu kwamba roho za watu hazijaribiwi. Mwishowe, tarehe 20 Aprili, wenye kuunda injini na wenye kulinda anga walikubaliana juu ya kipimo: miligramu 2 za majivu katika mita moja ya ujazo ya hewa, kiasi ambacho mwezi uliofuata kiliongezwa hadi 4 kwa masharti maalumu.

Wako waliowashutumu wakuu wale kwa woga. Mimi siungani nao, kwa sababu mtu asiye na kipimo, na mikononi mwake mna maisha ya maelfu, hana haki ya kubahatisha. Lawama iko nyuma zaidi: tangu usiku ule wa Java hata Aprili 2010 ilipita miaka 28, na katika muda wote huo swali la kiasi gani liliachwa bila jibu, pengine kwa kuwa kulijibu kulihitaji gharama na hapakuwa na aliyeona faida ya haraka. Gharama ile iliyoepukwa ililipwa kwa siku chache na watu ambao hawakuulizwa, nao ni pamoja na vibarua wa Naivasha ambao aghalabu hawapandi ndege. Thamani ya kipimo ilidhihirika mwaka uliofuata, Mei 2011, pale Grímsvötn, mlima mwingine wa Aisilandi, ulipolipuka kwa nguvu iliyouzidi ule wa kwanza, na safari zilizofutwa zikawa 900 hivi tu, ingawa pepo nazo zilisaidia na mlima ulinyamaza mapema.

Katika pande zetu milima ya moto haina tabia moja. Zaha ya Nyiragongo, karibu na Goma, ni nyepesi na hutiririka kwa kasi, kwa hiyo mara nyingi madhara yake huja kwa ardhini: tarehe 17 Januari 2002 iliupita mji wa Goma katikati na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, na kwa miaka mingi baada ya hapo uwanja ule ukafanya kazi kwa njia iliyopunguzwa. Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai katika kaskazini ya Tanzania, ambao zaha yake ni baridi kuliko zaha zote zijulikanazo duniani, aghalabu hutoa kidogo kidogo. Lakini Septemba 2007, baada ya matetemeko yaliyosikika hata Nairobi, ulirusha majivu kwa nguvu na kuendelea hivyo hata mwaka uliofuata. Nabro, ulioko Eritrea, haukuwa na habari ya kulipuka katika kumbukumbu za watu, ukalipuka Juni 2011, na Hillary Clinton, aliyekuwa Addis Ababa kama waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akalazimika kukatisha ziara yake na kuondoka mapema kwa kuchelea majivu. Tarehe 23 Novemba 2025 ikawa zamu ya Hayli Gubbi, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, mlima ambao nao haukuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Wingu lake lilivuka bahari ya Sham, likapita juu ya Yemen na Oman, likafika Pakistan na kaskazini ya India, na huko safari zikafutwa.

Ama kuhusu kuichungua milima hii kabla haijalipuka, Goma ina kituo chake cha kuchunguza volkano, chenye wataalamu wa nchi wanaoujua mlima wao. Lakini msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha 2020, kituo kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokea habari kutoka katika vyombo vilivyoko mlimani, na jioni ya tarehe 22 Mei 2021 zaha ikatoka bila watu kuonywa. Nabro, ulipolipuka, haukuwa na hata chombo kimoja cha kupima matetemeko kilichowekwa karibu nao. Jambo hili laonekana dogo kwa anayedhani kwamba setilaiti zatosha, lakini setilaiti huliona wingu likiwa limekwisha panda, na picha zake huhitaji muda wa kufasiriwa kabla taarifa haijatoka Toulouse. Ilhali chombo kilichofukiwa ardhini husikia mwamba ulioyeyuka ukijipenyeza kuja juu, mara nyingine saa nyingi, mara nyingine siku kadhaa kabla ya mlipuko. Saa hizo ndizo azihitajizo rubani aliyekwisha ondoka Nairobi au Addis Ababa kuelekea kaskazini usiku, ambaye rada yake haimwonyeshi majivu yaliyo mbele yake.