Mtoto Mchanga na Msokoto wa Tumbo



Wazee walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Leo twataka kuzungumza juu ya sehemu ngumu ya kazi hiyo, nayo ni miezi mitatu ya kwanza, ambapo mtoto hunyonya vema mchana, na jua likichwa huanza kulia pasipo kunyamaza. Hukunja miguu, hukaza ngumi, uso hukunjamana, tumbo huwa gumu kama ngoma, na hewa humtoka. Mama humpa titi, naye hulikataa. Bibi humpokea, baba humpokea, jirani huja na shauri lake, wala hapana nafuu. Watu wengi huita hali hii mchango, na wengine huiita msokoto wa tumbo.

Jambo hili liko duniani kote, lakini maneno yetu ya leo twawaelekeza hasa wasomaji wa Igunga na nchi ya Tabora. Neno letu kubwa ni moja, nalo twaomba lishikwe tangu sasa: kilio hiki mara nyingi hakimdhuru mtoto, lakini vitu anavyopewa ili anyamaze vyaweza kumdhuru, hata kumwua.

KILIO CHENYEWE

Mwaka 1954, huko Marekani, daktari wa watoto aitwaye Morris Wessel na wenzake waliandika kipimo ambacho madaktari wengine walikitumia kwa miaka mingi. Walisema hivi: mtoto mwenye afya na mwenye kushiba, ambaye hulia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa juma, kwa muda wa zaidi ya majuma matatu, huyo ana msokoto. Desturi yake ni kuanza mtoto akiwa na majuma mawili au matatu. Huzidi hata kufikia juma la sita, kisha hupungua kidogo kidogo, na aghalabu huwa umekwisha mtoto akifikia miezi mitatu au minne. Huwapata wavulana na wasichana sawasawa, watoto wa tajiri na watoto wa maskini, wanaonyonya mama zao na wanaonyweshwa maziwa mengine.

Chanzo chake hakijathibitishwa na madaktari. Wengi hudhani kwamba matumbo ya mtoto hayajaizoea kazi yake. Kwa miezi tisa alilishwa kwa njia ya kitovu, na sasa ghafula imempasa kumeza chakula, kukisaga na kukisukuma mwenyewe. Tena mtoto anayelia sana humeza hewa, na hewa hiyo humwongezea maumivu, naye huzidi kulia. Basi kwa kuwa tumbo hukomaa kwa siku zake, dawa kubwa ya msokoto ni siku zenyewe, pamoja na subira ya wamleao.

JE, NI NJAA?

Jambo la kwanza wasemalo majirani ni hili: "Maziwa yako hayatoshi, mpe uji." Mama kijana, hasa mwenye mtoto wa kwanza, huona haya na kusadiki. Lakini maziwa hayapimwi kwa kilio, hupimwa kwa alama nyingine.

Siku ya kwanza tumbo la mtoto hupokea kwa mara moja kiasi cha kijiko kimoja tu cha chai. Kwa hiyo ni lazima anyonye mara nyingi, mara 8 hata 12 mchana na usiku, na kunyonya mara nyingi si alama ya upungufu. Baada ya siku tano za kwanza, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake si wa rangi nzito. Akifikisha majuma mawili huwa ameurudia uzito aliozaliwa nao. Tena akipelekwa kliniki kila mwezi, mstari katika kadi yake hupanda. Ikiwa alama hizo zote zipo, basi mtoto ameshiba, hata akilia usiku kucha. Kadi ni shahidi mzuri kuliko jirani.

Tena choo kisiwatie hofu bure. Mtoto anyonyaye titi tu aweza kwenda choo baada ya kila kunyonya, na akipita majuma sita aweza kukaa siku kadhaa, hata juma zima, bila kwenda. Maadamu choo ni laini, na mtoto hunyonya na kukua, hiyo si kufunga choo. Asipigwe bomba la maji, wala asipewe dawa ya kuharisha. Kadhalika, kucheua maziwa kidogo baada ya kunyonya ni desturi ya watoto, nako huisha wengi wao wakifikia mwaka.

UJI, MAJI, MAZIWA YA NG'OMBE NA ASALI

Katika nchi yetu vitu hivi vinne ndivyo vya kwanza kufikiriwa mtoto akilia. Tuvitazame kimoja kimoja.

Uji, hata ule mwepesi kama maji, hulijaza tumbo la mtoto bila kumlisha. Akijazwa hivyo hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ndivyo maneno ya jirani yanavyojitimiza yenyewe: maziwa yalikuwa tele, yakapungua kwa sababu ya uji.

Maji hayahitajiwi, hata katika joto la Oktoba, maana katika sehemu 100 za maziwa ya mama, sehemu kama 87 ni maji. Katika mbuga ya Wembere na vijiji vingine watu wengi wamezoea kuchota katika malambo wanyweshamo ng'ombe, na maji kama hayo humletea mtoto mchanga kuharisha. Lakini hata maji ya bomba ya Ziwa Viktoria, ambayo sasa yamefika mjini Igunga, si chakula cha mtoto aliye chini ya miezi sita.

Maziwa ya ng'ombe ni sifa ya Igunga, nchi ya wafugaji. Mungu aliyaumba kwa ajili ya ndama, ambaye husimama siku ile ile azaliwayo. Yana chumvi na protini nyingi kupita nguvu za figo za mtoto mchanga, tena yaweza kuyachubua matumbo yake hata yakatoa damu kidogo kidogo. Yasiwe kinywaji chake kabla hajatimiza mwaka. Maziwa ya mbuzi ni vivyo hivyo.

Asali ya Tabora yasifiwa kote, nasi twajivunia. Walakini mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe hata tone moja. Ndani ya asali mwaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo hazimdhuru mtu mzima, lakini katika tumbo la mtoto huota na kutoa sumu inayolegeza viungo vyote hata pumzi.

Mambo haya hayakuanza kusemwa jana. Mwaka 1939 daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams alisimama mbele ya watu huko Singapore akawalaumu waziwazi wenye biashara ya maziwa ya makopo yenye sukari kwa ajili ya vifo vya watoto wachanga. Mwaka 2001 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitoa shauri lisimamalo hata leo: mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, isipokuwa dawa aliyoamriwa na mhudumu wa afya. Uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wasiofikia miezi sita, 59 tu walilishwa hivyo.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha vivyo hivyo huku akimeza dawa zake pasipo kukosa. Kuchanganya titi na vyakula vingine katika miezi hiyo humwongezea mtoto hatari. Na yule ambaye mama yake amefariki, au hawezi kunyonyesha kabisa, apelekwe kwa mhudumu wa afya mapema ili walezi waelezwe maziwa yafaayo na kiasi chake, nao wamnyweshe kwa kikombe safi. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafishwa.

DAWA NA KISU

Dukani huuzwa dawa ya chupa iitwayo Gripe Water. Asili yake ni Uingereza, alikoitengeneza mwuza dawa William Woodward mwaka 1851, na kwa muda mrefu ilikuwa na pombe ndani yake. Haishangazi basi kwamba watoto walilala! Nyingi za siku hizi hazina pombe, lakini haikuthibitishwa kwamba huondoa msokoto. Dawa za mizizi na majani nazo hazina kipimo, na ini la mtoto mchanga ni dogo. Tone lisilomdhuru babu laweza kumlaza mjukuu asiamke.

La kuogopwa zaidi ni kisu. Wako wanaosema kwamba mtoto anayelia na kukataa titi ana kimeo, naye hukatwa kooni. Wengine, tangu miaka ya 1980, husema kuwa ana "meno ya plastiki", nao huyachimbua mafizi kwa chuma. Kile kinachotolewa ni meno halali ya mtoto, ambayo bado hayajaota. Mtoto aliyefanyiwa hivyo hutokwa damu, hushindwa kunyonya, tena aweza kupata pepopunda au sumu ya damu. Wako waliokufa. Ndugu zetu, hakuna ugonjwa uitwao meno ya plastiki. Atakayewaambia habari hiyo, mshukuruni kwa adabu, kisha mchukueni mtoto mwende zahanati.

MAMBO YANAYOFAA

Kwanza, tazameni jinsi anavyonyonya. Kinywa kiwe wazi sana, kishike sehemu kubwa ya weusi wa titi, wala si chuchu peke yake. Kidevu kiguse titi, na mwili wote umwelekee mama. Akishika vibaya humeza hewa, na mama huumia. Amalize titi la kwanza kabla ya kupewa la pili.

Pili, mcheulisheni. Baada ya kunyonya asimamishwe begani, agongwe mgongoni polepole mpaka hewa imtoke.

Tatu, mbeleko. Bibi zetu waliijua dawa hii kabla ya vitabu. Mtoto aliyefungwa vema kifuani au mgongoni, pua na kinywa vikiwa wazi, hupata joto, hutikiswa taratibu kwa mwendo, na husikia moyo wa mamaye. Vilevile yafaa kumpapasa tumbo kwa mkono wenye joto, kuikunja miguu yake polepole kuelekea tumboni, na kumwepusha na moshi wa jiko na wa tumbaku.

Nne, msimwachie mama mzigo peke yake. Kilio cha saa tatu huweza kumvunja moyo mtu mwenye nguvu. Baba amchukue mtoto jioni, bibi amchukue alfajiri, mama apate kula na kulala. Na yeyote aonaye hasira zampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje apumue kidogo, kisha arudi. Asimtikise kwa nguvu hata mara moja, maana ubongo wa mtoto hupasuka mishipa kwa kutikiswa.

Tano, wakati wa kulima mpunga na pamba, mama aende shamba na mtoto. Isipowezekana, akamue maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko; mahali pa kivuli hukaa salama muda wa saa nne.

ALAMA ZA HATARI

Si kila kilio ni msokoto. Mpelekeni mtoto zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Igunga au ya Nkinga pasipo kungoja kesho, mkiona lolote katika haya:

1. Ana homa, au mwili ni wa baridi, na umri wake haujafika miezi mitatu.
2. Anatapika maji ya kijani, au anatapika kwa kishindo kila anaponyonya.
3. Choo kina damu.
4. Tumbo limevimba na kukaza, halilegei hata anapotulia.
5. Anaharisha, hakojoi, macho au utosi umebonyea.
6. Amelegea, hanyonyi kabisa, ana degedege, au anapumua kwa taabu.
7. Haongezeki uzito.
8. Kilio kimegeuka na kuwa cha namna nyingine, au kimeanza ghafula kwa mtoto ambaye hakuwa na desturi ya kulia.

Njiani mama aendelee kumnyonyesha, ikiwa mtoto aweza kunyonya.

Basi, mabibi na mabwana, mtoto wenu akilia jioni ya leo, tazameni kwanza alama hizo nane. Zisipokuwapo, na kadi yake yapanda, hesabuni majuma yake. Akiwa na sita, jueni kwamba mmefika kileleni mwa mlima, na kutoka hapo njia ni ya kuteremka. Mfungeni katika mbeleko, mpokezane, na mumlinde na uji, asali, chupa na kisu. Miezi michache baadaye atacheka, na kilio kile kitakuwa hadithi ya kusimuliwa.

Kwaherini.