Bergen, mji wa samaki: mgeni anakula nini, mwenyeji anakula nini?

Haya wadau, leo twende Norwe, kwenye mji wa Bergen. Wabongo wengi tu wamepita pale kusoma, maana Chuo Kikuu cha Bergen kina urafiki wa siku nyingi na vyuo vya kwetu. Na ukikaa na aliyerudi lazima akupe hadithi ya bei. Mshikaji wangu mmoja aliingia mgahawa wa samaki karibu na bandari, akafungua menyu, akaifunga, akaomba maji. Bahati yake kule maji ya bomba huwa ni bure!

Sasa inakuwaje mji uliojengwa na samaki, mtu anashindwa kula samaki? Twende taratibu.

UTAJIRI WA SAMAKI MKAVU

Mbali sana kaskazini kuna visiwa vya Lofoten. Kila mwaka kuanzia Januari samaki anayeitwa torsk anakuja huko kwa wingi kuzaa. Wavuvi wanamtoa matumbo, wanamkata kichwa, wanafunga wawili wawili mikiani na kuwatundika kwenye vichanja vya miti, kuanzia Februari hadi Mei hivi. Hawaweki chumvi hata chembe! Ng'onda wetu anahitaji chumvi na jua kali, lakini wa kule anakaushwa na upepo wa baridi. Baridi ile haigandishi samaki moja kwa moja, na inzi hawapo. Mwisho anakuwa mkavu kama kipande cha mti, na anaweza kukaa miaka bila kuharibika. Wao wanamwita tørrfisk.

Bergen yenyewe mvua hainyeshi kidogo, inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo kukausha siyo kazi yake. Kazi yake ilikuwa biashara. Mashua zilishuka na samaki kutoka kaskazini, zikarudi na nafaka. Kuanzia karibu mwaka 1360 wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa waliweka ofisi yao pale bandarini, mahali panapoitwa Bryggen, na ofisi hiyo ilidumu mpaka 1754. Wakristo wa Ulaya walikuwa na siku nyingi za mfungo bila nyama, kwa hiyo soko lilikuwepo tu. Zile nyumba za mbao za Bryggen zilijengwa upya baada ya moto wa 1702, na UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1979.

CHAKULA CHA NYUMBANI

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Wanaona picha za kamba wakubwa na kaa, wanadhani hicho ndicho chakula cha Bergen. Mwenyeji ukimuuliza mama yake alipika nini, atakutajia hivi:

1. Fiskesuppe. Supu nyeupe ya samaki yenye krimu, karoti na vitonge vidogo vya samaki, halafu ina utamu na uchachu kwa mbali. Zamani mchuzi wake ulitoka kwa samaki wadogo wa sei, samaki wa bei ya chini.

2. Plukkfisk. Samaki aliyechambuliwa, akachanganywa na viazi na mchuzi mweupe. Ni njia ya kumalizia samaki aliyebaki jana. Ujanja wa kila mama duniani!

3. Fiskekaker. Hizi fikiria kababu za samaki, za kukaanga.

4. Persetorsk. Torsk anayewekwa chumvi na sukari, kisha anagandamizwa na kitu kizito ndipo anapikwa.

5. Lutefisk. Yule yule mkavu analowekwa siku kadhaa kwenye maji, kisha kwenye maji ya magadi makali, kisha kwenye maji tena, mpaka anakuwa laini anatetemeka. Analiwa zaidi kuelekea Krismasi. Wapo wanaompenda na wapo wanaomkimbia, hata Wanorwe wenyewe.

Tena watu wa Bergen wa zamani walisifika kwa kuchagua. Walitaka samaki aliye hai, ndiyo maana wauzaji waliwaweka kwenye matangi ya maji.

UKITAKA KULA NJE

Soko la samaki linaitwa Fisketorget, lipo tangu karne ya 13, na mwaka 2012 lilipata pia ukumbi wa ndani. Pita uone, piga picha, lakini jua kwamba sehemu kubwa ya wateja pale ni watalii. Kula mgahawani Norwe ni ghali kwa sababu mpishi na mhudumu wanalipwa mshahara wa maana, siyo kwa sababu samaki hakuna. Ndiyo maana watu wa kawaida wanabeba mkate wao kazini, na mgahawa unasubiri siku maalumu. Kama una hela ya siku moja, ipo migahawa ndani ya nyumba za Bryggen, kama Enhjørningen. Kama hela ni ya mwanafunzi, tafuta duka la samaki kama Søstrene Hagelin, lililoanza 1929, ununue kababu za samaki au supu. Utashiba, na utakuwa umekula Bergen yenyewe.

KICHWA KIMEENDA WAPI?

Nimewaachia hili mwisho. Yule tørrfisk, wale wa daraja la juu wanapelekwa zaidi Italia, kwenye meza za wenye nazo. Vichwa vinakaushwa pia na vinapelekwa Nigeria. Huko biashara ilikuwepo kabla, lakini wakati wa vita ya Biafra, 1967 hadi 1970, samaki huyu aliletwa kama msaada kwa watu wenye njaa, na akazoeleka zaidi. Waigbo wanamwita okporoko, na sherehe bila yeye inaonekana haijakamilika.

Kwa hiyo samaki mmoja: kwa mmoja ni anasa, kwa mwingine alikuwa msaada wa njaa, na kwa mvuvi aliyemtundika alikuwa njia tu ya kufika mwakani. Sisi ng'onda na dagaa tunawaonea aibu mgeni akija, tunakimbilia kuku. Wenzetu wa Bergen supu ya sei wanaiita kwa jina la mji wao.

Mliopita Bergen nirekebisheni kama nimeteleza, na mseme ukweli: lutefisk mlimaliza sahani? Naomba kuwasilisha.